Deo, kile hakikuwa jiwe

Mpaka sasa akili inakataa. Jana asubuhi nilikuwa nabishana na Deo nani alipe chai, leo naambiwa niseme "marehemu" nikilitaja jina lake.

Kwa msiomjua: Deo alikuwa dereva wa pikapu tuliyobebea ndizi na maharage kutoka Nyakisasa, Ngara, kupeleka sokoni Biharamulo. Mimi ni kuli wake. Miaka mitatu nimekaa naye kiti cha mbele, mimi mtu wa Singida, sina ndugu huku.

Siku ya kwanza kuteremka ile milima nilishika dashibodi mpaka kucha zikauma. Akacheka. "We Mnyaturu, kwenu mlima mnauona kwenye kalenda?"

Nikamjibu kwetu gari likisimama limesimama. Huku likisimama bado linafikiria. Aisee, maneno yale aliyasimulia kila soko!

Gari lenyewe mnalijua kwenye picha zangu, lile la bluu lenye mlango wa kufunga kwa kamba. Starta ilikufa zamani. Kwa hiyo hatukuwahi kupaki tambarare. Tulipaki kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili likiachiwa liserereke mpaka liwake.

Na hendibreki nayo ilikuwa imelegea. Unaivuta inapanda mpaka karibu na kwapa, haishiki kitu. Ndiyo maana kila tukisimama kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuruka chini na jiwe, kuliweka mbele ya tairi. Deo hakutoa mguu kwenye breki mpaka anisikie nikisema "Tayari!" Aliniamini hivyo, mara kumi kwa siku.

Tukipita kwao Mabawe lazima tuingie kwa mama yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Huyu anakuendesha vizuri?" Deo anadakia, "Mama, huyu anaendeshwa na woga."

Ni kweli, mimi ni mwoga. Na leo naogopa kuliko siku zote, ndiyo maana naandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Jana kulikuwa na manyunyu. Tulisimama mteremkoni, mzigo bado haujapakiwa. Deo akasema amechoka na hendibreki hii, kila siku tajiri wa gari anamwambia wiki ijayo, sasa waya ataukaza mwenyewe.

Nikamwambia twende tambarare kwanza. "Tukienda tambarare nani atasukuma? Wewe na huo mgongo?" Mgongo wangu kweli umekwisha.

Nikashuka kutafuta jiwe. Letu la kila siku tulikuwa tumelisahau tulikotoka. Mawe mazuri yalikuwa chini kabisa, mtaroni. Karibu na miguu yangu kulikuwa na bonge la kichuguu, zito, gumu. Kwetu Singida kichuguu kikikauka kinavunja jembe. Nilikuwa nimechoka. Nikalisukuma mbele ya tairi, nikalipiga teke, halikutikisika. Nikasema, "Tayari!"

Deo akaingia chini ya gari na spana. Mimi nikakaa kwenye usukani kama alivyoniambia. Namsikia anakaza nati, anaguna, anaitukana kutu.

"Vuta hendibreki!" Nikavuta. Ikashika katikati, mara ya kwanza tangu nilijue gari lile. "Eeeh! Umeona fundi?" Nikacheka kama mjinga.

"Sasa toa gia, weka nyutro tuone kama inabeba."

Nikaweka nyutro.

Ilibeba kidogo, labda kwa kuhesabu mpaka tatu. Halafu kitu kikalia tak! kule chini. Waya umekatika. Gari likaanza kusogea, na mimi nikasubiri jiwe lizuie. Ndicho nilichofanya, jamani. Nilisubiri jiwe. Breki ya mguu ilikuwa pale pale, sikuikanyaga, kwa sababu miaka yote breki ni ya Deo, jiwe ndilo langu.

Aliniita jina mara moja tu.

Niliposhuka, kichuguu kilikuwa tope jekundu. Manyunyu yalikuwa yamekilainisha, tairi likamaliza.

Polisi waliponiuliza nilisema waya ulikatika, jiwe likateleza. Wakaandika hivyo. Tajiri anasema hivyo. Msibani wanasema hivyo. Nikinyamaza, itabaki hivyo.

Leo asubuhi nilikwenda stendi ya Biharamulo na begi langu. Basi la kwetu lilikuwa linanguruma, kondakta ananivuta mkono, "Singida siti moja!" Niliwaogopa vijana wa Mabawe, wao ni wengi na mimi ni mmoja. Nilimwogopa zaidi mama, asije akaniita tena mwanangu akiwa hajui.

"Mzee, unapanda au umekuja kuaga watu?" kondakta akauliza. Basi likaondoka, mimi nimesimama.

Mama, hakukuwa na jiwe. Kilikuwa kichuguu, nilikichagua mimi kwa sababu sikutaka kuteremka mtaroni. Polisi nao nitawarudia niwaambie hivyo hivyo.

Leticia, wewe dada yake, hii nimekutumia kwanza kabla ya wote. Msomee mama. Nipo njiani, nataka nikifika awe anajua ni nani anayeingia uani kwake.

Deo, ulinivusha milima ya watu nisiowajua na hukuniacha njiani hata siku moja. Wakiniruhusu, nitashika sepetu nichimbe pamoja nao. Wakinifukuza, nitasimama barabarani mpaka wamalize kukuzika.

Lala bila hofu, dereva wangu. Hofu yote nimebaki nayo mimi.