Asia na Mtungi Uliomjibu

Mwaisha binti Pazi alikuwa mfinyanzi kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakileta reli yao kutoka pwani. Mumewe alikuwa ameshuka Kingolwira kubeba mataruma ya kulazia reli. Nyumbani walibaki watatu: yeye, mama mkwe wake Mwajuma, na bintiye Asia wa miaka mitano.

Asia ndiye aliyemchanganya. Masikio yalimtoka usaha tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, yakakauka alipofika miaka minne, na hapo ndipo maneno yalipoanza kumtoka kwa wingi. Lakini kuku alimwita tutu, na kikapu kikawa titapu.

"Sema kuku," Mwaisha alimwambia asubuhi moja, mikono imejaa udongo.

"Tutu."

"Haya, tutu," mama akasema, kachoka kubishana.

Mtoto akakunja uso. "Si tutu! Tutu!"

Mwaisha akaacha kufinyanga. Kumbe kosa likitoka kinywani mwa mwingine analisikia, likitoka kwake halisikii? Akaligeuza kichwani siku nzima, asipate pa kulishika.

Juma lililofuata alichoma mitungi, akaipanga uani ipoe. Ilipopoa, Asia akaingiza kichwa kwenye mtungi mkubwa wa mdomo mpana, akaita, "Tutu!" Sauti ikamrudia nzito. Akachomoa kichwa upesi, akamtazama mama yake kama mtu aliyeitwa. Akakiingiza tena. "Tutu." Akatega sikio. "Tu... hu..."

Ikawa kila siku yuko mtungini. Siku ya nne Mwajuma akaja na mchi.

"Uvunje huo. Mtoto haongei na chombo kitupu hivi hivi. Kuna kinachomjibu."

"Ni sauti yake mwenyewe, mama."

"Sauti yake si anayo mdomoni? Ya nini kuifuata mtungini?"

Mwaisha aliogopa huenda mkwewe anasema kweli. Mwajuma alipoingia ndani, akainama, akaingiza kichwa chake mwenyewe. "Kuku," akanong'ona. Sauti iliyomjia aliijua na hakuijua. Akatoka na wasiwasi mkubwa kuliko alioingia nao, lakini mtungi hakuuvunja.

Mvua za masika zilipoanza, Asia alikuwa akimwaga pumba uani. "Kuku!" akaita. "Kuku, kuku, njooni!"

Mwajuma akaacha kupeta. "Nani kamfundisha?"

"Sijui, mama. Si mimi."

Wakamwita mtoto. "Yule wa mtungini alikuwa anasema vibaya," Asia akaeleza. "Nikamrekebisha."

"Yule nani?"

"Mimi."

Mwajuma akaondoka akisoma dua. Mwaisha alibaki kasimama, asijue acheke au alie. Jioni mtoto akarudi mtungini na neno jingine. Mwaisha hakumzuia, ingawa hakujua anamwacha na mwalimu gani.