Siku Nilipofanywa Bibi

Harufu ya mafuta ya mgando hunirudisha Bagamoyo, kwenye nyumba yetu ya mawe yenye ua mrefu na choo huko mwisho kabisa. Nilikuwa na miaka kumi. Bibi mzaa mama alihamia kwetu baada ya shamba lake la Mapinga kuuzwa, na kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamekaza, kazi ya kumpeleka chooni ilikuwa yangu. Alipenda kuniambia, "Ujana ni moshi, mke mwenzangu," nami nikikohoa makusudi kama niliyevuta huo moshi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jioni moja aliniita nikiwa kichochoroni nacheza rede. Nilisikia. Nilimaliza mchezo kwanza. Nilipofika, kanga yake ilikuwa imeloa, nami nikasema, "Bibi, mtu mzima unajikojolea kama mtoto?"

Mama mdogo Zuhura, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha uuguzi, alinisikia. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Asubuhi yake alinikalisha uani. Alinitia pamba masikioni, akanivalisha miwani kuukuu aliyoipaka mafuta ya mgando, akanifunga magoti kwa vipande vya kanga, akamwaga kunde ndani ya viatu vyangu. Kisha akaninywesha vikombe vitatu vya maji.

"Leo wewe ndiye bibi," alisema kwa sauti kubwa ili nisikie. "Ukibanwa, ita. Usinyanyuke mwenyewe."

Mwanzoni niliona ni mchezo. Nilikunja mgongo, nikajichekesha mwenyewe. Kisha mkojo ukanibana. Niliita. Hakuja mtu. Niliita tena, sauti yangu ikinivumia kichwani kama niko ndani ya mtungi. Nikanyanyuka. Ua ulikuwa ukungu mtupu, na kila hatua kunde zilinichoma nyayo. Katikati nilijikwaa kwenye ndoo nikaanguka, na nilipokuwa nikipapasa pa kushika nikahisi uvuguvugu ukinishuka mapajani. Nililia kwa kwikwi.

"Zuhura! Mvue huyo mtoto!"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, kashikilia ukuta. Hatukujua alikuwa akitazama tangu lini. Nilipovuliwa miwani nilimwona ameikazia macho nguo yangu iliyoloa. Akasema taratibu, "Kumbe ndivyo nilivyo."

Tangu siku hiyo nilikuwa tayari kukimbia kila nikiitwa. Lakini Bibi alikuwa haniiti. Chai alikunywa nusu kikombe, maji nikimpelekea, alionja tu akasema, "Inatosha." Jumatatu na Alhamisi alifunga sunna, ingawa daktari alishamkataza. Ilikuwa kaskazi, joto kali. Niliwatambia wenzangu kwamba bibi yangu anapona.

Wiki chache baadaye alianza kusema maneno yasiyoshikana, midomo imempasuka. Hospitalini daktari alimuuliza mama, "Mzee anakunywa maji kiasi gani?" Mama akanigeukia mimi. Siku ya tatu Bibi akafariki.

Mama mdogo sasa ni muuguzi mkongwe. Mwaka juzi, tukiwa wawili tu jikoni, ndipo aliponiambia, "Nilikuwa nakufundisha wewe. Sikujua kama mama yangu naye anajifunza." Nilitaka kumwambia kwamba kosa lilianzia kwangu, kule kichochoroni. Nikainama kuosha vikombe.

Na kuna jambo sijamwambia mtu hadi leo. Wiki zile Bibi alipoacha kuniita, mimi nilifurahi. Nilipata muda wa kucheza.