Mume Wangu Aliuza Uwanja Wetu, Leo Anataka Niwachangishe Wanawake

Admin, nifiche jina, maana mji wetu huu watu wanajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa huku Kibiti, mama wa watoto wanne. Mume niliye naye ndiye aliyenioa kigori. Nitamwita Baba Asha, si jina lake. Ninachowaandikia kinanitia kinyaa, na anayenitia kinyaa ndiye ninayempakulia chakula kila siku.

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na mitumba, viwanja huku vilikuwa vinakatwa kama mkate. Wazee wakasema pabaki mahali pamoja pasipokatwa: watoto wacheze, Idi tuswali, na mabinti zetu waliowekwa ndani kwa unyago watolewe pale, watu wote waone. Kila nyumba ikatoa debe la mpunga ili bwana ardhi alipwe, aje apime na kuweka mawe ya mipaka. Sisi wanawake tukapanda miarobaini pembeni, tukaimwagilia kwa ndoo za kichwani. Ikaundwa kamati, na Baba Asha akawekwa kiongozi, kwa sababu alikuwa mpima korosho wa chama cha ushirika na mizani yake haikuwahi kulalamikiwa.

Mnaoijua Rufiji mnajua kuwa mpunga ukianza kuzaa, watu wanahama. Tunakwenda bondeni, tunakaa juu ya madungu, vibanda vya miti mirefu, tunaamia ndege na kufukuza nguruwe mpaka tuvune. Mjini wanabaki wagonjwa, wenye maduka na wenye kazi za ofisini. Mwaka ule nilimwacha Asha wangu ndani kwa bibi yake, alikuwa amevunja ungo, atolewe baada ya mavuno. Uwanja niliuacha kwa baba yake. Ningekuwa na wasiwasi gani?

Tuliporudi na mpunga wetu tukakuta uwanja umezungushiwa mabati. Miarobaini imekatwa, na ndani linajengwa ghala la tajiri mmoja wa korosho. Ushirika ulikuwa hoi, wanunuzi binafsi wameingia, na Baba Asha alishahamia kwa huyo tajiri na mizani yake. Nikamuuliza, hata mzigo sijautua.

"Mkutano ulikaa ukapitisha," akanijibu.

"Mkutano gani, na sisi wote tuko madunguni?"

"Waliokuwepo walitosha. Mama Asha, uwanja mtupu hauli wala haulishi. Wewe shughulika na mtoto wako."

Mtoto wangu alitolewa kando ya barabara. Wamembeba mabegani, kapambwa, kanga juu, ngoma inalia, mara lori la korosho linapiga honi tupishe. Tukatawanyika na mwali wetu kama kuku. Matingo wa lori wakampigia miluzi, mtoto akaanza kulia mbele za watu. Baba yake yuko kwenye kivuli cha ghala na tajiri wake, wanakunywa soda. Hakuinuka. Mwezi haukupita, nyumba yetu ikaezuliwa makuti ikapigwa bati jipya, na majirani wakaacha kuniuliza chochote. Nilirudi kwetu, shemeji zangu wakanifuata, wakanambia mwanamke hamvui nguo mumewe. Nikarudi kwa ajili ya watoto. Tangu siku ile sijawahi kumheshimu mtu huyu, nawaambia ukweli.

Sasa mji umekua. Watoto wanacheza mpira barabarani, na Ramadhani iliyopita mjukuu wa jirani yangu alivunjwa mguu na bodaboda. Serikali ya mtaa imepata eneo, inataka lipimwe liwe uwanja wa wazi, na wananchi tuchangie. Mnadhani nani kapewa kuongoza kamati? Baba Asha, eti mzee mwenye uzoefu. Akasimama mkutanoni na kofia yake akasema, "Sisi wa zamani tuliyajali sana maeneo ya wazi." Wakampigia makofi, wengi vijana na wageni, hawajui. Nilitoka nje nikatema mate.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. Usiku huo akanambia Jumamosi, kwenye kikao cha kikundi, nisimame niwahimize wenzangu watoe. "Mimi wananiamkia tu," akasema, "wewe ndiye wanayekuamini." Nikamwambia siwezi. Akasema nikifungua mdomo kuhusu ya zamani, nyumba hii nitaihama. Hata Asha kanipigia simu akiwa kwake Dar: "Mama, mwachie Mungu. Baba kazeeka."

Nikisema ninayoyajua, wanawake hawatatoa hata senti, na watoto watabaki barabarani wakigongwa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemkabidhi fisi bucha kwa mkono wangu.

Jana kaja mama wa yule mtoto aliyevunjika mguu. Kauza kuku wake, kaleta mchango kabla ya wote. Kanishika mkono akasema, "Mama, nimekuletea wewe. Kamati siijui, nakujua wewe." Fedha yake nimeifunga kwenye pindo la kanga, na Baba Asha kashaniuliza mara mbili iko wapi.

Nambieni wenzangu, Jumamosi nisimame niseme, au nikae nimwangalie akila mara ya pili?