Punje Iliyobaki Mkononi

Nilikubali nikiwa natafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Shija, mume wa binti yangu Kabula, alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka machimboni, upande wa Kharumwa, vumbi la mawe likiwa bado kwenye kope zake. Mke wangu alikuwa anageuza mpunga juani. Shija alinipa shikamoo, akauliza hali ya ng'ombe, akauliza hali ya mvua, na baada ya hayo yote akasema kilichomleta. Mlipuaji wao wa baruti alikuwa amerudi kwao Chato kuvua samaki, na duara lao, yaani shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, lilikuwa limesimama.

"Wenzangu wananicheka, baba," alisema. "Wanasema, una mkwe aliyepigana vita vya Kagera, halafu unahangaika kutafuta mlipuaji?"

Nilicheka. Mke wangu hakucheka. Aliacha kugeuza mpunga, akanitazama, nami nikajua anachotaka niseme.

"Nianze lini?" nikauliza.

Alichotaka niseme ni jambo ambalo yeye peke yake alilijua, kwa kuwa ndiye aliyelala nami miaka yote.

Niliingia jeshini nikiwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Katika handaki letu, ng'ambo ya mto Kagera, nilikaa na Hamisi, kijana wa Kigoma, mcheshi sana. Alizoea kunichokoza kwa lafudhi yangu. "Wewe Msukuma, ukiulizwa jina na adui utauawa kabla hujamaliza kulitamka." Siku moja mchana tulikuwa tunagawana kiazi cha kuchoma. Kulikuwa kimya. Kuku wa watu waliokimbia walikuwa wanachakura udongo karibu nasi.

Kombora la kwanza lilianguka mbali.

La pili likaanguka karibu.

La tatu sikulisikia. Udongo ulitufunika, nikawa sioni, masikio yanavuma. Bega la Hamisi lilikuwa limenibana. Nikamwambia asogee kidogo nipumue. Nikamwambia tena. Nilimsemesha muda mrefu, hata nikamgombeza kwa kutonijibu, mpaka wenzetu walipotufukua wakaniambia nimwache.

Tangu siku hiyo, kitu kikilipuka mimi huondoka. Mwili hubaki umechuchumaa pale pale, lakini mimi huwa kule chini ya udongo, nikimwambia Hamisi asogee. Nikirudi, sijui kilichopita katikati.

Niliporejea nyumbani baba alinizuia nisiingie ndani kwanza. Alikuwa amemwita mfumu, mganga wetu, anioshe kwa dawa nje ya ua, kama walivyooshwa wazee waliotoka vitani zamani. Nikamjibu kwamba mimi ni msomi na ni Mkristo, nikapita mlangoni na viatu vyangu vya jeshi. Sijui kama dawa ile ingenifaa. Ninachojua ni kwamba nilipewa nafasi ya kusema, mbele ya watu walionipenda, kuwa sikurudi mzima, nami nikaikanyaga.

Nafasi ya pili niliipata nikiwa na mvi. Tulikuwa tumepeleka mpunga Kagongwa, tairi la lori likapasuka, nami nilipojitambua nilikuwa uvunguni mwa lori jingine, wapakizi wanapiga makofi na kucheka. Nilisema nilikuwa natafuta kofia yangu. Kofia ilikuwa kichwani. Wiki hiyo hiyo mke wangu alinipeleka hospitali. Kulikuwa na siku maalumu ya wagonjwa wa akili na benchi lao, pembeni ya njia wanayopita watu wote. Nilikuwa sijakaa vizuri alipopita jirani yetu mmoja.

"Afande! Na wewe benchi la vichaa?"

"Naumwa macho," nikasema.

"Macho ni mlango ule wa bluu, mzee wangu. Ondoka hapo kabla hawajakufunga kamba!"

Akacheka, nami nikacheka naye, nikanyanyuka. Mlango wa bluu walinipa chupa ya dawa ya macho. Mke wangu aliibeba mkononi hadi nyumbani.

Huyo ndiye mtu aliyekwenda kulipua baruti.

Kazi yenyewe ni hivi. Wachimbaji hutoboa matundu kwenye mwamba kwa nyundo na moko, ile patasi ya chuma. Mlipuaji hujaza baruti, hukata tambi za kuwashia kwa urefu tofauti ili matundu yalipuke moja baada ya jingine, huwasha, kisha huvutwa juu kwa winchi. Wengine wote husogea mbali. Yeye huchuchumaa karibu na mdomo wa duara na kuhesabu milio. Yakiwashwa sita ni lazima isikike sita. Ikipungua, au akiwa na shaka, hakuna anayeshuka mpaka kesho yake, na wa kwanza kushuka ni yeye. Neno lake halipingwi. Ndiyo sababu wanatafuta mtu mwenye moyo mgumu.

Mimi nilitafuta ujanja. Nilishika kiganjani punje za mahindi, idadi sawa na matundu, na kila mlio niliachia punje moja. Mkono ulijifunza. Hata nilipokuwa sipo, vidole vilifanya kazi, na nikirudi nilikuta kiganja kitupu. Nikajiona nimepona. Saidi, mtu wa Tabora aliyeendesha winchi, aliwahi kuona jasho langu. "Afande anatetemeka! Basi na samaki ataogopa maji." Watu walicheka sana. Tangu hapo nikawa navaa koti hata juani.

Asubuhi ya siku ile Shija alikuwa na furaha, kwa kuwa walikuwa wameufikia mkanda wa mwamba wenye dhahabu. Niliwasha matundu sita, nikavutwa juu, nikachuchumaa.

Mlio wa kwanza ukaja, nikaondoka.

Niliporudi kulikuwa kimya. Moshi ulikuwa unatoka kwenye duara.

Nikafungua kiganja. Punje moja ilikuwa imebaki.

Labda tundu moja halikulipuka. Labda vidole vilisahau. Sikujua.

"Vipi, Afande?" Saidi aliita kutoka kwenye winchi. Wote walikuwa wananitazama.

Kusema "sijui" kungetaka maelezo. Wangeuliza mlipuaji gani hajui kuhesabu hadi sita.

Niliiweka punje ile mdomoni nikaitafuna.

"Zimelia zote," nikasema.

Moshi ulipopungua Shija alishuka wa kwanza. Alinipungia mkono akiwa kwenye kamba. Tulisikia nyundo yake ikigonga moko, mara chache tu.

Kisha ukaja mlio wa sita.

Msibani watu walisema ni ajali ya kazi. Walinipa pole, wakaniwekea kiti cha mbele. Nilivumilia hayo mpaka tanga lilipoondolewa, ndipo nikamweleza Kabula jikoni, mama yake akiwapo: Hamisi, lori la Kagongwa, punje, yote. Hakulia.

"Ungesema tu hujui, baba," alisema. "Wangengoja kesho. Shija angekucheka jioni moja, basi."

Siku ya pili alichukua watoto akahamia Kagongwa, ambako hadi leo anapikia madereva wa malori. Akipiga simu humtaka mama yake.

Baada ya hapo nilirudi kwenye lile benchi, na huwa naenda mpaka sasa. Wapita njia wakiniita nawaitikia. Daktari ni binti mdogo, ananiamkia kwanza ndipo anauliza, nami nimemweleza habari za Hamisi mara nyingi. Tairi likipasuka siku hizi, nabaki nimesimama. Msaada ulikuwapo miaka yote hiyo, hatua chache kutoka mlango wa bluu.

Nilikubali kazi ile kwa sababu niliona aibu kusema naogopa, na nilisema zimelia zote kwa sababu ya aibu hiyo hiyo. Ilimuua Shija. Iliwaacha watoto wake wawili bila baba. Na mimi nina binti aliye hai, ambaye hajanipa shikamoo tangu siku ile ya jikoni.