Kanga Juu ya Mama Maria

Kanga ile ilinuka udi na samaki mkavu. Hata leo nikipita mlangoni mwa mtu anayefukiza udi, mikono yangu huanza kutafuta kitu cha kufunua. Masika yale ya vita vya kumwondoa Mreno tulikimbia kutoka bara, Umakondeni, tukafika Mucojo, kijiji cha pwani ya Msumbiji, watatu, baba, mama na mimi, tumebeba sanamu ya Mama Maria aliyoichonga baba kwa mpingo. Alimchonga kwa sura aliyoijua yeye, chale mashavuni na ndonya kwenye mdomo wa juu, kama bibi yangu. Padri alikataa kuibariki. Mama akasali mbele yake vivyo hivyo.

Bi Somoe, mjane Mwislamu wa Kimwani, alitupokea. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja tu kisichovuja, na humo ndimo alimoswali. Hakutaka tuiache sanamu nje kwenye mvua. Aliomba jambo moja: akitandika mkeka, ifunikwe kwa kanga yake, akimaliza, ifunuliwe. Kazi hiyo nilipewa mimi, mara tano kwa siku, na nilijivuna nayo kweli.

Njaa ilipotubana, baba akasema atarudi shambani kwetu kuchimba mihogo, siku tatu tu. Nikalia. Mama akanishika bega. "Nyamaza, mwanangu. Mama Maria anamtazama." Niliamini kabisa kwamba macho yale ya mpingo yalimfuata baba njia nzima.

Siku ya tatu, adhuhuri, nilifunika kama kawaida. Kabla Bi Somoe hajamaliza, wenzangu wakaniita pwani, maji yamekupwa, tukaokote kombe. Nikaenda. Niliporudi alasiri imepita, na kanga ilikuwa palepale. Baba hakurudi siku ile, wala siku nyingine yoyote. Watu walisema askari walikuwa njiani.

Nilimwambia Bi Somoe peke yake. Akanivuta kifuani. "Mjukuu wangu, ule ni mti, hauoni. Aonaye ni Mungu." Nilishindwa kumuuliza, kama Mungu aliona, mbona baba hajaja.

Mama alikufa bila kujua. Sasa nakaa Pemba ya Msumbiji, na padri wetu kijana ameibariki sanamu bila swali, pamoja na ndonya yake. Kwaresima ikikaribia kwisha, wanawake wa parokia hufunika sanamu zote za kanisa kwa vitambaa vya zambarau. Mimi huvipiga pasi, nikavikunja vizuri, kisha nikatoka nje kabla hawajaanza kufunika. Najua mti hauoni. Sanamu yetu nimeiweka dirishani, uso umeelekea njia ya bara.