Bibi Alivyokataa Kuhama Kabla ya Mavuno

Juzi nilikuwa kituoni Kwa Mathias nikisubiri basi, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwanawe aliyegoma kuvaa viatu, "Mkaidi wewe!" Nikageuka upesi kana kwamba nimeitwa mimi. Basi likaja, likajaa, likaondoka. Nikabaki natembea huku na huko, neno lile limenikaa kifuani.

Kwetu, upande wa Ruvu, lilikuwa neno la kila siku, rafiki yangu. Kuni mbichi zisizoshika moto zilikuwa kaidi. Mbuzi aliyekataa kamba, mkaidi. Nami nilipokataa kulala mchana, Bibi alinikumbusha kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Lilisemwa kwa kicheko, halikumuuma mtu.

Mwaka tulioambiwa tuhamie kijiji kipya kule barabarani, neno likabadilika ladha. Balozi wa nyumba kumi, ambaye ni mtoto wa kaka yake Bibi, alipita nyumba kwa nyumba akieleza habari za shule, zahanati na bomba la maji. Majirani wakafungasha. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa uji, kisha akasema hahami mpaka avune. Mpunga wake bondeni ndiyo kwanza ulikuwa unatoa masuke.

Tangu hapo akawa anatajwa mikutanoni. Watoto wenzangu wakaniita mjukuu wa mkaidi. Nikakosa raha kabisa. Kila nikisikia muungurumo wa gari niliacha nilichoshika, nikakimbilia njiani kutazama kama ni lori la kuhamisha watu.

Balozi akaja tena. Safari hii alikataa kuketi.

"Shangazi, ukaidi wako utatuponza wote. Lori linakuja kesho."

Bibi alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. "Mwanangu, mkaidi ni anayekataa asilolijua. Mimi ninalolikataa nalijua. Ni njaa."

Lori likaja kweli. Vijana wakaezua makuti, wakapakia vyombo vyetu. Bibi hakugombana nao. Alichukua chungu, mkeka na mundu, akanishika mkono tukateremka bondeni. Tukahamia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo tulichozoea kukaa kuamia ndege wasile mpunga. Kutwa nzima nilipiga debe, kwelea wakiinuka kama moshi na kutua tena hatua chache mbele. Jioni viboko walikoroma mtoni. Bibi alikaanga mpunga mchanga, akautwanga kuwa pepeta, na harufu yake mpaka leo hunisimamisha popote nilipo. Lakini sikutulia. Nilipanda na kushuka ngazi, nikichungulia upande wa barabara, nikiwaonea wivu waliohama. Nilidhani wanacheza tu huko.

Mpunga ulipoiva, balozi alitokea peke yake kwa miguu. Alisema shikamoo, akaketi chini ya dungu. Alikuwa amekonda. Kule barabarani mashamba yalikuwa hayajalimwa, na akiba waliyohama nayo ilikuwa imekwisha. Bibi hakumuuliza kitu. Alimpa mundu. Tukavuna pamoja, sisi watatu, na tulipobeba magunia kuhamia kijijini, la kwanza lilishushwa mlangoni kwa balozi. Lile neno halikutamkwa tena mbele ya Bibi.

Nisiwe mwongo: shule ya kijiji kile ndiyo iliyonifundisha kusoma, na Bibi mwenyewe aliyapenda maji ya bomba. Lakini alizeeka akishuka bondeni kila msimu, hata miguu ilipomkatalia.

Sasa amelala kaburini, majirani wa zamani wametawanyika, na sehemu kubwa ya bonde lile imekuwa viwanja vya watu nisiowajua. Tunaokumbuka alichokuwa anakilinda tumebaki mimi na balozi, ambaye siku hizi haoni vizuri. Nikienda kumsalimia hunishika mkono, akaniuliza kama mvua zimefika bondeni.

Namjibu zimefika, hata zikiwa bado.