Karatasi ya Maombi ya Verlon

Mimi ndiye ninayechapa karatasi ya maombi ya kanisa letu, hapa milimani Tennessee, mwaka wa kumi na tisa huu. Fulani kavunjika nyonga, fulani mwanawe yuko jela, tuwaombee. Tarehe juu, majina chini. Nilidhani ni kazi isiyoweza kumdhuru mtu.

Verlon Tackett alikuwa akipasua mbao mpaka gogo lilipomponda mguu. Damu ikaganda, na madaktari, wakiogopa bonge lisije likapanda mapafuni, wakamtia kichujio cha waya kwenye mshipa mkubwa wa tumboni. "Ni cha muda tu," walimwambia. "Tutakuita tukitoe." Hawakumwita. Naye si mtu wa kusumbua watu; aliingoja simu yao miaka saba.

Kisha kifua kikaanza kumchoma. Picha ikaonyesha kijiti kimoja cha kichujio kimekatika, kimesafiri na damu na kujichomeka moyoni. Kukitoa kulihitaji bingwa wa mbali, na bima ikagoma. Ozella, mkewe, akaona tangazo la wakili kwenye televisheni.

"Sisi hatushtaki watu," Verlon alimwambia. "Hayo ni ya wavivu."

"Haya, endelea na uungwana wako. Nitakuzika na suti ya harusi, kama bado inakuenea."

Wakabishana hivyo muda mrefu, mpaka Verlon akawa hawezi kupanda ngazi tatu za baraza lake. Ndipo alipokubali, na mimi nikawapeleka kwa gari kwa wakili yule.

Wakili Pruitt alikuwa kijana mpole. Alizitazama picha akatikisa kichwa kwa hasira. Kesi ilikuwepo, alisema, na ikisimama yeye mwenyewe angemtafuta bingwa. Nilimwona Ozella akifumba macho kwa shukrani.

"Ulijua lini kwamba kimekatika?"

"Mwaka hivi," Verlon alisema. "Sina kumbukumbu nzuri."

"Mwaka gani, wewe mzee!" Ozella akafungua bati la biskuti alilolipakata njia nzima. Ndani mlikuwa na karatasi zangu zote za maombi. "Ameteseka zaidi ya hapo, wakili. Soma mwenyewe! Kanisa zima lilipiga magoti."

Wakili akasoma. Machi, mwaka juzi: *Tumwombee ndugu Verlon, waya umekatika, uko moyoni.*

"Mama," alisema taratibu, "sheria ya hapa inakupa mwaka mmoja wa kushtaki tangu ujue umeumizwa. Umeshapita."

"Kwa hiyo tungemwombea mtu kimyakimya, kama tunaiba?"

Wakili alisema hata faili la hospitali lingeonyesha tarehe ile ile. Huenda. Lakini faili la hospitali sikulichapa mimi. Nilijichukia, na hadi leo najichukia.

Ijumaa ile niliketi mbele ya mashine ya kuchapa. Nikachapa majina kumi na moja, la Verlon nikaliacha.

Jumapili mchungaji akauliza nani ana ombi. Ozella, ambaye miaka yote mkono wake ndio huwa wa kwanza kupanda, aliikalia mikono yake. Verlon alivaa miwani, akashusha kidole kwenye karatasi, jina moja moja, mpaka mwisho. Akarudia tena kuanzia juu. Kisha akanigeukia, akihema.

"Nadine," alininong'oneza, "mbona mimi simo?"